Kufungua hedi, silinda na pistoni ya pikipiki mwenyewe nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huniuliza wakijua nafungua injini zangu mwenyewe. Naongelea injini ya silinda moja, mipigo minne (foostroki), inayopozwa na upepo, maana ndo wengi wanayo. Ya mipigo miwili (tuustroki) nimeitaja pale tu inapotofautiana.

Sehemu ya juu ya injini inaanzia wapi na inaishia wapi?

Ni kila kitu kilichokaa juu ya krenki kesi: hedi na valvu zake, kamshafti na roka, silinda (wengi tunaita bloku), pistoni, ringi, pini ya pistoni na gasketi zote za hapo. Krenki, gia na klachi ni sehemu ya chini. Uzuri ni kwamba ya juu unaifungua bila kupasua injini, na kwa pikipiki nyingi ndogo injini hata haishuki kwenye fremu. Ila ukishatoa silinda shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) uivute juu na chini: ikicheza juu-chini hata kidogo, kazi imeshahamia chini na ringi mpya hazitakusaidia. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida, usitishike.

Inatoa moshi, ndo nifungue?

Angalia moshi wenyewe kwanza. Mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto ni mvuke wa maji tu, achana nao. Mweusi ni petroli nyingi, hapo angalia kabureta na chujio la hewa. Bluu ndo oili inaungua, na hata huo wa bluu haufanani. Ukitoka pale tu unapowasha injini iliyolala usiku kucha, au unapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu alafu ukavuta tena, mara nyingi ni sili za valvu (vimpira vya kuzuia oili) au gaidi zake (vijibomba ambamo shina la valvu linapita), oili inateremkia kwenye shina la valvu. Ukitoka mfululizo na kuzidi kadri unavyovuta mafuta na kubeba mzigo, hapo ni ringi na silinda. Na kabla ya yote hayo cheki kama hukujaza oili kupita alama, maana hilo peke yake linaleta moshi.

Kompresheni napimaje?

Pata geji ya kompresheni ya kufunga kwenye tundu la plagi. Pasha injini moto, toa plagi, funga geji, fungua mafuta mpaka mwisho, alafu piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Hilo la kufungua mafuta mpaka mwisho wengi wanalisahau, kabureta ikiwa imefungwa hewa haiingii vizuri, namba inatoka ndogo na mtu anafungua injini nzima bure. Injini nyingi ndogo zilizo na afya zinasoma kati ya psi 120 na 180 hivi lakini fuata kitabu cha pikipiki yako, maana kuna kamshafti zenye kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha na hizo zinasoma chini hata zikiwa nzima.

Baada ya hapo mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, kijiko cha chai kinatosha, upime tena. Namba ikiruka juu ujue ringi au silinda imeisha, oili imeziba lile pengo kwa muda. Isiposogea, hewa inatokea juu: valvu haikai vizuri kwenye siti yake au gasketi ya hedi inavuja. Ila kabla hujaihukumu valvu pima tapeti kwanza (ile nafasi kati ya roka na valvu), tapeti iliyobana inaiacha valvu wazi kidogo na injini inakuwa kama imekufa kumbe ni kazi ya dakika kumi.

Nahitaji vifaa gani?

Spana na soketi nzuri, bisibisi zisizolika, koleo la klipu, nyundo ya mpira, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), venia, kikandamizio cha springi za valvu, matambaa safi mengi, na miwani ya kukinga macho maana klipu ya pini ikiruka haichagui pa kwenda. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ni lazima, na iwe ile ndogo. Bolti za M6 zinakazwa karibu Nm 10 mpaka 12 tu, ukitumia toki renchi kubwa ya gari utakata bolti au utatoa nyuzi za alumini kabla haijalia. Maikromita na geji ya kupimia ndani ya silinda huna haja ya kuvinunua, karakana yoyote inayochonga bloku inavyo na watakupimia.

Kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa nakihesabu kama kifaa pia. Namba nitakazotaja hapa ni za kukupa picha, za mwisho ni zile za kitabu chako.

Naanzaje kufungua?

Osha injini kwanza, tena vizuri, hasa pale silinda inapokutana na krenki kesi, maana mchanga ulioganda hapo ndo utakaoangukia ndani. Mwaga oili na uichunguze kwenye mwanga, chembe za kung'aa zikiwa nyingi jiandae kisaikolojia. Toa tangi, egzosi, kabureta, plagi na vifuniko vya tapeti. Piga picha na simu kila hatua, na chora hedi kwenye kadibodi uchomeke kila bolti mahali pake, kwa sababu urefu haulingani na ukichanganya, ndefu itagonga chini kabla haijakaza.

Zungusha krenki kwa mkono mpaka alama ya T kwenye flaiwili (lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) ilingane na alama ya kava huku roka zote mbili zikiwa huru. Roka zikiwa zimebana uko kwenye mpigo mwingine, ongeza mzunguko mmoja mzima. Hapo pistoni iko juu kabisa na valvu zote zimefunga. Sasa legeza tenshena (kifaa kinachokaza cheni) ya cheni ya taimingi, toa sproketi ya kamshafti, na hapo hapo funga cheni kwa waya isidumbukie. Nati za hedi zilegeze kwa mshazari, robo mzunguko kwa robo mzunguko, usimalize moja ukahamia nyingine, hedi itapinda. Na kumbuka zile bolti ndogo za pembeni, karibu kila anayeniambia hedi imegoma kutoka kumbe kaacha moja. Hedi iliyoganda inagongwa na nyundo ya mpira kwenye sehemu nene. Usichomeke bisibisi katikati kuipanua, ule mkwaruzo utavuja oili siku zote.

Kwa wenye injini za aina ya Honda CG125 mambo ni rahisi zaidi, kamshafti iko chini na roka zinasukumwa na fimbo mbili, hakuna cheni ya taimingi ya kuhangaika nayo. Fimbo hizo ziwekee alama ipi ya valvu ipi.

Kitu kimedumbukia kwenye krenki kesi, nifanyeje?

Usizungushe injini hata kidogo. Chukua tochi na sumaku ya fimbo utafute taratibu. Mimi klipu ya pini iliwahi kuniponyoka ikaingia chini, sumaku haikuipata, ikabidi nishushe injini na kuipasua yote kwa sababu ya kiwaya kile. Tangu siku ile kabla sijagusa klipu naziba mdomo wa krenki kesi kwa tambaa kubwa, kubwa hasa, lisilotoa nyuzi.

Naweza kuweka ringi mpya tu nikafunga?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote hapa na jibu lake ni pima kwanza. Watu wananunua ringi kabla hata hawajafungua, wanafunga, inatulia wiki mbili, moshi unarudi, wanasema ringi zilikuwa feki. Zinaweza kuwa feki kweli, lakini mara nyingi silinda ndo imeisha. Silinda hailiki sawasawa, inalika zaidi juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, joto ni kali na oili ni kidogo, na inalika upande wa mbele na nyuma zaidi kuliko pembeni kwa sababu konrodi inaisukuma pistoni huko. Matokeo yake tundu linakuwa pana juu na jembamba chini, alafu linakuwa na umbo la yai. Ringi ni duara. Ukiiweka kwenye yai haiwezi kuziba, iwe ya kampuni gani.

Kwa hiyo silinda inapimwa sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili kwa kukatiza. Toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti ikifika mm 0.05 mi naanza kufikiria kuchonga, ikifika mm 0.10 sifikirii tena. Pistoni unaipima kwenye sketi yake, karibu mm 10 kutoka chini, upande unaokatiza pini. Kipimo cha silinda toa cha pistoni, unapata nafasi iliyopo kati yao. Injini mpya ndogo huwa na mm 0.01 mpaka 0.04 hivi, na kwa nyingi ikifika mm 0.10 kitabu kinasema basi.

Huna maikromita? Kuna njia ya ringi yenyewe. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae bapa, pima pengo la ncha zake kwa fila geji. Kanuni ya haraka ni mm 0.004 kwa kila mm moja ya upana wa silinda, yaani silinda ya mm 50 iwe karibu mm 0.20. Ipime juu alafu ipime chini. Pengo likiwa kubwa zaidi juu, gawa ile tofauti kwa 3.14 utapata silinda imepanuka kiasi gani. Hii haikupi umbo la yai lakini inatosha kukuambia kama ringi peke yake ni kupoteza hela.

Kama vipimo vyote viko ndani ya kitabu na hakuna mikwaruzo inayoshika kucha, sawa, ringi mpya tu zinafaa. Hali hiyo ipo, sikatai.

Ovasaizi ni nini, na injini itapata nguvu zaidi?

Silinda iliyolika inachongwa ipanuke kidogo na inawekewa pistoni kubwa kidogo. Saizi zinapanda 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00, hizo ni milimita juu ya sitandadi. Nunua pistoni kwanza ndo upeleke bloku, fundi aichonge kufuata pistoni yako mkononi, asichonge kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Nguvu usitegemee. CG125 ina silinda ya mm 56.5 na mwendo wa mm 49.5, hiyo ni kama cc 124. Ukiweka 0.50 inakuwa kama cc 126, na ukifika 1.00 ni cc 128 na nukta. Nguvu utakayoisikia ni ile iliyokuwa imepotea, imerudi.

Silinda ya alumini inachongwa?

Weka sumaku ndani ya silinda. Ikinasa una mkono wa chuma, unachongwa kawaida. Isiponasa una alumini iliyopakwa utando mgumu kama Nikasil, nikeli iliyochanganywa na silikoni kabaidi, kitu kilichotoka kwa kampuni ya Mahle huko Ujerumani mwaka 1967. Huo hauchongwi na mawe ya kawaida. Ukiwa mzima unausafisha na kuweka pistoni ya saizi ile ile, ukibanduka ni kupakwa upya kwa wataalamu au kununua silinda.

Kuhoni (kukwaruza kidogo ndani ya silinda kwa mawe) ni lazima?

Kwenye silinda ya chuma iliyo ndani ya vipimo, ndiyo, kidogo tu. Ile glesi ya kung'aa kama kioo inazuia ringi mpya kukaa. Pitisha mawe ya kuhoni yenye oili kwa drili ya mwendo wa taratibu huku unapandisha na kushusha mkono, mpaka uone mistari inayokatizana kwa nyuzi 45 mpaka 60. Sekunde chache. Ukikaa sana unapanua silinda mwenyewe.

Baada ya hapo kuosha ndo muhimu kuliko kuhoni kwenyewe. Petroli peke yake haitoi unga wa mawe, inausambaza. Osha kwa maji ya moto na sabuni na brashi, kausha, pitisha tambaa jeupe lenye oili, likitoka na kijivu rudia tena. Likitoka jeupe paka oili palepale, chuma kitupu kinashika kutu mbele ya macho yako. Silinda iliyotoka kuchongwa nayo ioshe hivi hivi hata ukiambiwa imeshaoshwa.

Valvu je?

Kabla ya kuzitoa geuza hedi, mimina petroli kwenye njia ya kuingizia na ya egzosi, uone kama inavuja kuzunguka valvu. Ikivuja toa, usichanganye ya kuingiza na ya egzosi. Shina likicheza sana ndani ya gaidi, gaidi imeisha na kusaga hakutasaidia. Likiwa sawa weka pesti ya kusagia kidogo kwenye uso wa valvu, zungusha huku na huku na kijiti cha mpira, nyanyua, geuza, rudia, mpaka upate mzingo wa kijivu usiokatika, upana wa kama mm 1 mpaka 1.2. Futa pesti yote, punje moja ikibaki itafanya kazi ya kusaga ndani ya injini. Valvu za titani usizisage kabisa, utando wake ukitoka imekufa.

Sili weka mpya kila mara, ni kitu kidogo sana kuachia. Springi zenye mizunguko iliyobanana upande mmoja, upande uliobanana unakaa chini kwenye hedi. Ukimaliza rudia jaribio la petroli.

Ringi zinavaliwaje?

Alama au herufi iliyo karibu na ncha inaangalia juu, siku zote. Ya juu kabisa mara nyingi inang'aa na ya pili ni nyeusi, usizibadilishe nafasi. Anza na ya oili: kwanza ile springi yenye mawimbi, ncha zake ziguse lakini zisipandane, alafu vile vyuma viwili vyembamba. Mapengo ya ringi yatawanye kwa nyuzi 120, yasipangane mstari mmoja. Kwa tuustroki huchagui, kuna vipini kwenye mfereji na pengo lazima likae kwenye kipini chake.

Pistoni yenye IN, upande huo unaangalia kabureta. Yenye mshale mara nyingi unaangalia egzosi. Klipu za pini ziwe mpya, na mdomo wa klipu usikae kwenye ile nafasi iliyokatwa kwenye pistoni. Paka oili kila kitu, alafu shusha silinda huku unazibana ringi kwa vidole, moja moja. Ikigoma simama uangalie, ringi haivumilii nguvu. Kwa tuustroki usiizungushe silinda unaposhusha, ncha ya ringi itanasa kwenye tundu la egzosi.

Gasketi niipake silikoni?

Ya hedi hapana. Inavaliwa kavu kwenye nyuso safi. Silikoni inayofinyika kwa ndani inakatika na kwenda kuziba njia ya oili, na kamshafti isiyopata oili haichukui muda kuharibika. Angalia pia bushi za kulengea na mpira wa oringi wake, na kama injini yako ina nati yenye kofia na washa ya shaba kwenye stadi moja, irudishe stadi ile ile, maana oili inapandia hapo. Kaza kwa mshazari, awamu mbili au tatu, mpaka namba ya kitabu.

Taimingi nitajuaje iko sawa?

Alama ya T ilingane na ile ya kava, alama ya sproketi ya kamshafti sambamba na uso wa hedi au na alama yake, upande wa cheni usio na tenshena ukiwa umenyooka. Funga tenshena alafu zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili mizima uangalie tena. Ukisikia imegota popote usilazimishe, hiyo ni valvu imekutana na pistoni. Usiguse staata kabla ya mizunguko hii. Alafu weka tapeti injini ikiwa baridi kabisa, CG125 ni mm 0.08, nyingine nyingi zinacheza kati ya 0.05 na 0.10.

Siku ya kwanza kuwasha nifanye nini?

Mwagia kamshafti oili kabla ya kufunga kava. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze. Zungusha injini bila plagi kwanza, alafu washa, na ikiwa mlioni (inaunguruma taratibu bila kuvuta mafuta), hakikisha oili inafika kwenye hedi kwa kulegeza kidogo bolti ya njia ya oili au kuchungulia kwenye kifuniko cha tapeti. Isipofika ndani ya nusu dakika zima.

Ikiwaka vizuri usiiache ikiungurumia mlioni nusu saa kama wengi wanavyofanya. Ringi zinasukumwa kwenye silinda na presha ya moto, na mlioni presha ni ndogo. Iache ipate joto, itoke barabarani, vuta mafuta kiasi cha wastani, achia, vuta tena, usiibebeshe kwenye gia kubwa na usiipigishe mpaka mwisho. Iache ipoe kabisa. Mi namwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 50 mpaka 100, alafu tena kwenye 500, na tapeti napima upya.

Nimefunga vizuri na bado kuna moshi.

Moshi wa dakika za mwanzo ni oili uliyopaka wakati wa kufunga na ile iliyobaki kwenye egzosi, egzosi iliyokunywa oili miezi sita inaweza kutoa moshi safari kadhaa. Ukipita kilomita 300 na bluu haijapungua, pima kompresheni tena kavu na kwa oili. Ikiwa nzuri rudi kwenye sili za valvu, pengine moja ilichanika ulipoipitisha kwenye mfereji wa shina bila oili. Ikiwa mbaya, ringi imegeuzwa au silinda haikupimwa. Na ikianza vizuri ikarudia moshi baada ya miezi michache tu, fungua boksi la chujio la hewa upitishe kidole kwenye mpira unaoelekea kabureta upande wa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, injini inameza mchanga kila siku, na ovasaizi inayofuata nayo itakwisha hivyo hivyo mpaka huo mpira uliopasuka ubadilishwe.